Mguu, “pie” na “pierna”: kuhamishia dodoso la maumivu ya mguu kwenye Kihispania

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Tanzania, nasoma shahada ya uzamili kusini mwa Hispania. Nimepewa dodoso la Kiingereza ambalo mgonjwa hujijazia mwenyewe kuhusu maumivu ya mguu, nilihamishie kwenye Kihispania. Nimelitafsiri kwa wiki moja, mwenzangu Mhispania amelisahihisha, na nina wagonjwa 40 walio tayari kulijaza. Msimamizi wangu anasema hiyo bado si kazi. Kimepungua nini?

JIBU: Marahaba, dada. Msimamizi wako anasema kweli. Kilichopungua ni ushahidi kwamba mgonjwa wa Málaga au Sevilla anapozungushia 6 anasema jambo lile lile analosema Mwingereza anapozungushia 6. Dodoso ni mizani. Ukiihamisha mizani kutoka soko hili kwenda lile, huanzi kuuza mpaka uijaribu kwa mawe unayoyajua uzito wake. Tafsiri nzuri ni sehemu ya kazi hiyo, tena sehemu ndogo.

Hukutaja ni dodoso lipi, kwa hiyo mifano nitaitoa kwenye mawili yanayotumika sana. La kwanza ni Foot Function Index, kwa kifupi FFI, lililochapishwa Marekani mwaka 1991 na Budiman-Mak na wenzake baada ya kulijaribu kwa wagonjwa 87 wa baridi yabisi. Lina vipengele 23: maumivu 9, ugumu wa kufanya mambo ya kila siku 9, na kupunguza shughuli 5. La pili ni Manchester Foot Pain and Disability Index, la Uingereza, mwaka 2000, lenye vipengele 19. Na hapo hapo utaona kazi inayotangulia kazi zote: yote mawili yana toleo la Kihispania lililochapishwa mwaka 2014. Kama ulilopewa ni mojawapo, usitafsiri upya. Omba toleo lililopo, ulitumie jinsi lilivyo. Matoleo mawili ya Kihispania ya dodoso moja ni hasara kwa kila mtu, maana matokeo ya hospitali moja hayatalinganishika na ya nyingine.

Kama halina toleo, mwandikie mwenye haki ya dodoso kabla hujaendelea. Madodoso mengine, kama Manchester-Oxford lenye vipengele 16, hutolewa kwa leseni. Pata ruhusa kwa maandishi, na katika barua hiyo hiyo muulize mtunzi kila kipengele alikusudia kupima nini. Majibu yake yatakuokoa mabishano ya wiki nzima huko mbele.

Sasa jambo ambalo huenda likakuuma. Wewe usiwe mtafsiri. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni ule wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000, nao unataka watafsiri wawili wa kwenda, kila mmoja lugha yake ya mama iwe ndiyo lugha inayotafsiriwa. Mmoja ajue dodoso linapima nini. Mwingine asijue, tena asiwe mtu wa afya. Huyu wa pili ndiye anayeandika kama watu wanavyosema nyumbani. Kihispania chako hata kiwe kizuri vipi si lugha uliyolelewa nayo, na rasimu uliyosahihishiwa na mwenzako ni kazi ya mkono mmoja uliopigwa msasa na mwingine. Iweke. Itakusaidia kulielewa dodoso, lakini isihesabiwe. Wewe ni mratibu: unapokea rasimu mbili zilizoandikwa bila watafsiri kuonana, unawakalisha, mnapatana rasimu moja, na unaandika kila mahali walipotofautiana na sababu ya uamuzi. Daftari hilo la maamuzi lina thamani kuliko tafsiri yenyewe, na ndilo msimamizi wako atakalotaka kuliona.

Baada ya hapo huja tafsiri rejeshi: watu wawili ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya mama wanarudisha rasimu ile kwenye Kiingereza bila kuliona dodoso la asili, na wasiwe watu wa tiba. Kisha kamati inakaa: mtaalamu wa mbinu za utafiti, mtu wa afya anayetibu miguu, mtu wa lugha, na watafsiri wote. Kisha majaribio kwa wagonjwa 30 hadi 40. Hatua ni hizo. Ugumu uko ndani yake, na ndiko nitakakokaa.

Anza na neno lenyewe. Sisi kwa Kiswahili tunasema mguu kuanzia pajani hadi vidoleni, na mgonjwa akisema “mguu unaniuma” lazima umuulize wapi. Kihispania kimegawa: pie ni kuanzia kwenye kifundo kushuka, pierna ni kilicho juu yake. Kwa hiyo kutoka Kiingereza unaweza kudhani umepona. Lakini Kihispania kina mtego wake, maana de pie ni “kusimama wima”. FFI linauliza maumivu mtu anaposimama bila viatu. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata “dolor en el pie al estar de pie descalzo”: pie mara mbili kwa maana mbili, na mwisho descalzo ambalo ni la mwanaume peke yake, ilhali sehemu kubwa ya wagonjwa wako huenda ni wanawake. Sarufi haina kosa. Bibi wa miaka 75 ataisoma mara tatu, na pengine atajibu kuhusu kutembea.

Utasema, basi niandike parado. Meksiko na Amerika ya Kusini, parado ni mtu aliyesimama. Hispania ni mtu aliyetulia asiyekwenda, au asiye na ajira. Hapo ndipo unapoona kwamba “Kihispania” si soko moja. Lugha hii ni rasmi katika nchi zipatazo 20, ikiwamo Guinea ya Ikweta hapa kwetu Afrika, na lazima uandike juu ya jalada toleo lako ni la wapi. Njia ninayoipendelea kwa kipengele hiki ni kuweka kichwa kimoja juu ya fungu zima kinachosema maumivu yanayoulizwa ni ya nyayo na miguu kuanzia kwenye kifundo, kisha kila swali liwe fupi: “Cuando está de pie sin zapatos, ¿cuánto le duele?” Neno pie limebaki na kazi moja, na sin zapatos halina jinsia. Ukitaka kulihifadhi wazo la mguu mtupu, andika con los pies descalzos, maana hapo kivumishi kinafuata pies na si mgonjwa. Na tumia usted, si tú, hasa kwa wazee.

Vitenzi navyo vichungwe. Dodoso la Manchester lina kipengele kuhusu kupanda basi au gari mara nyingi zaidi kwa sababu ya maumivu. Hispania mtu husema coger el autobús bila kusita. Meksiko na Ajentina coger ni tusi. Tomar linaeleweka kote, hivyo halikugharimu kitu hata kama toleo lako ni la Hispania, kwani vyumba vya kungojea vya huko vina Waekwado na Wakolombia wengi. Ukingo wa barabara ambao FFI linauliza kama mtu anapata shida kuupanda ni bordillo kwa Mhispania na cordón kwa Mwajentina. Hapo hakuna neno la wote. Chagua la mahali pako.

Wakati wa siku ni mtego usioonekana kabisa. Dodoso la Manchester lina kauli kwamba miguu huuma zaidi jioni. Sisi tuna alasiri na jioni, tunazitenganisha. Kihispania kinaziita zote tarde, inayoanza baada ya chakula cha mchana, ambacho Hispania huliwa saa 8 au 9, na kwenda hadi giza linapoingia. Mgonjwa akisoma por la tarde anaweza kuwa anafikiria saa 10, wakati anatoka kulala kidogo na miguu imepumzika. Kilichokusudiwa ni maumivu yanayojilimbikiza kutwa. “Al final del día” inalibeba wazo hilo vizuri zaidi, ila ukiliandika hivyo weka sababu kwenye daftari, maana umetoka kwenye neno ili ubaki na maana.

Umbali nao una yake. FFI linauliza ugumu wa kutembea umbali wa vitalu vinne vya majengo. Mmarekani ana picha kichwani. Katika mtaa wa Eixample wa Barcelona, uliopangwa kwa miraba sawasawa, kitalu ni kama mita 113, hivyo manzanas vinne vinaeleweka. Katika mji wa kale wenye vichochoro vya kupindapinda, au kijijini Andalusia, swali halina maana. Kamati ina njia tatu: kubakiza vitalu, kuweka mita, au kuweka dakika. Dakika ningezikataa, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu hutembea polepole, na kadiri anavyozidi kuumwa ndivyo dakika zile zile zinavyokuwa umbali mfupi zaidi. Swali linajirahisisha lenyewe pale linapotakiwa kuwa gumu. Mita peke yake wazee wengi hawana picha yake. “Cuatro manzanas (unos 400 metros)” ni suluhu ninayoiona ya busara, kisha iulizwe kwenye majaribio.

Maneno ya hisia ndiyo magumu kuliko yote. Kiingereza cha Manchester kina vipengele viwili kuhusu mtu kujishtukia kwa sababu ya miguu yake au viatu anavyolazimika kuvaa. Kihispania kitakupa me da vergüenza, ambayo ni kuona aibu. Me acomplejan, ambayo ni nzito zaidi, mtu kujiona duni. Na me siento incómodo, ambayo ni nyepesi mno na inaweza kusomwa kama kubanwa na kiatu. Uzito wa neno si suala la ladha. Ukiweka neno zito, watu wachache watakubali, alama ya kipengele itashuka, na atakayelinganisha Uingereza na Hispania atahitimisha kwamba Wahispania hawasumbuki na sura ya miguu yao, kumbe ni neno lako. Vivyo hivyo aina za maumivu: maumivu ya ghafla yanayopiga kama mshale, mgonjwa wa Hispania mara nyingi huyaita pinchazos, ganzi wengi huita acorchado, yaani kama kizibo. Mgonjwa wa kisukari ambaye neva zake zimeharibika anaweza kuwa na acorchado bila dolor kabisa. Usimruhusu mtafsiri aunganishe viwili hivyo.

Sasa utaelewa kwa nini tafsiri rejeshi isikupe amani ya bure. “Dolor en el pie al estar de pie” ikirudishwa Kiingereza itarudi safi bila doa. Parado itarudi safi ikiwa aliyerudisha alijifunza Kihispania Meksiko. Tafsiri rejeshi hukamata kilichodondoka au kilichogeuzwa, kama vile “wiki iliyopita” iliyogeuka kuwa “wiki hii”. Haikamati kinachosikika vibaya, wala kinachosomwa tofauti na mgonjwa. Rasimu inayorudi ikiwa nakala kamili ya asili inanitia wasiwasi, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba Kihispania kimeandikwa kwa mifupa ya Kiingereza.

Anayekamata ni mgonjwa, na hapo ndipo wagonjwa wako 40 wana kazi. Usiwape dodoso wajaze wakaondoka. Kaa na kila mmoja dakika 30 hadi 45. Ajaze mwenyewe, nawe ukiangalia anaposita, anapofuta, anaporudi nyuma kusoma tena. Kisha urudi kipengele kwa kipengele: akueleze swali hili kwa maneno yake, alikuwa anafikiria siku gani, kwa nini 6 na si 4, aoneshe kwa kidole mahali alipokuwa akipafikiria. Hilo la kidole lina faida kubwa. Wapo watakaoonesha muundi au goti, na hapo utajua kichwa chako cha juu hakijasomwa. Muulize pia mguu upi alijibia kama inamuuma yote miwili, maana kama dodoso halisemi, mmoja atajibia unaouma zaidi na mwingine atachukua wastani.

Usiwahoji 40 wote kwa rasimu ile ile. Wagawe kwa makundi ya 8 au 10. Baada ya kila kundi, kamati irekebishe kilichokwama, kundi linalofuata lipewe kilichorekebishwa. Chagua watu tofauti: waliosoma miaka michache na waliosoma sana, wanaume na wanawake, wenye maumivu ya kisigino ya asubuhi, wenye kinundu kwenye kidole gumba cha mguu, wenye kisukari, wenye baridi yabisi. Wanafunzi wenzako wa chuo wasiwemo. Wataelewa kila kitu na hawatakufundisha lolote.

Mambo mawili ya mezani huharibu kazi nzuri. Moja ni uchapaji. Kama dodoso linatumia mstari wa milimita 100 ambao mgonjwa anauwekea alama, printa ikiwekwa kutosheleza ukurasa hupunguza mstari ukawa 96 au 97, na nakala ya nakala hupungua zaidi. Zima mpangilio huo, chapa kwa ukubwa wa asilimia 100, na upime kwa rula kila furushi jipya. La pili ni kuhesabu alama. FFI lina vipengele vinavyohusu soli za tiba ndani ya viatu, zile plantillas. Asiyezivaa huviacha, navyo havihesabiwi. Tuseme fungu la maumivu lina vipengele 9 vya 0 hadi 10, mgonjwa hana soli hivyo ameacha viwili, na saba vilivyobaki vinafika jumla ya 35. Alama yake ni 35 kugawanya kwa 70 mara 100, yaani 50. Kompyuta iliyojaza sifuri mahali patupu itagawa kwa 90 na kukupa 39. Mgonjwa “amepona” pointi 11 kwa kukosa soli. Kwa hiyo weka kisanduku cha no uso plantillas, ili “hainihusu” itofautiane na “nimesahau kujibu”.

Ukimaliza hapo una toleo lililohamishwa, lakini bado halijapimwa. Kwa upimaji, 40 hawatoshi, na waliohojiwa wasirudiwe, maana wameshalizoea dodoso. Ukitaka kuchunguza kama vipengele vinajigawa kwenye mafungu yale yale kama asili, vigezo vya COSMIN, yaani miongozo ya kimataifa ya kupima ubora wa madodoso ya afya, vinahesabu kuwa bora sana sampuli ya watu mara 7 ya idadi ya vipengele, wasipungue 100. Kwa vipengele 23 ni 161. Kwa jaribio la kurudia, yaani mtu yule yule kujaza mara mbili, lenga 100. Chini ya 50 matokeo yatakuwa na mashaka makubwa. Uwiano wa ndani, yaani vipengele vya fungu moja vinavyokwenda pamoja, hupimwa kwa alfa ya Cronbach; kati ya 0.70 na 0.95 kwa kila fungu unakubalika. Ikizidi 0.95 usishangilie: huenda una vipengele vinavyouliza jambo moja kwa maneno tofauti.

Kwenye kurudia tumia ICC, namba inayoonesha alama za mara ya kwanza na ya pili zinakubaliana kiasi gani, tena ile inayopima makubaliano kamili, angalau 0.70. Usitumie kipimo cha uhusiano cha Pearson, kinachoangalia tu kama alama zinapanda na kushuka pamoja. Wagonjwa wote wakiongezeka pointi 10 mara ya pili, Pearson itabaki 1, ilhali mizani yako imehama. Kisha geuza namba iwe ya kumsaidia daktari: zidisha mchepuko sanifu, yaani mtawanyiko wa alama, kwa kipeuo cha pili cha 1 kutoa ICC, upate kosa la kipimo, lizidishe kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2. Kwa mfano, mchepuko 20 na ICC 0.90 vinatoa kosa la 6.3, na badiliko dogo kabisa linaloweza kuaminiwa kwa mgonjwa mmoja ni 17.5. Maana yake, mgonjwa aliyeshuka kutoka 50 hadi 40 bado hujui kama kapata nafuu au ni mtikisiko wa mizani.

Uhalali upime kwa kulinganisha na kipimo ambacho tayari kina toleo la Kihispania lililothibitishwa. SF-36, dodoso la afya ya mtu kwa ujumla, inalo tangu mwaka 1995. Andika matarajio yako kabla ya kufungua data, upande na ukubwa wa kila uhusiano, na angalau robo tatu yatimie. Angalia alama ya hasi: kwa FFI namba kubwa ni hali mbaya, kwa SF-36 namba kubwa ni hali njema, hivyo uhusiano unaotarajiwa ni hasi. Hesabu pia waliopata alama ya chini kabisa au ya juu kabisa. Wakizidi asilimia 15, dodoso lako haliwaoni waliozidiwa au waliokaribia kupona.

Muda kati ya kujaza mara ya kwanza na ya pili uwe siku 7 hadi 14: usiwe mfupi hata akumbuke majibu, wala mrefu hata mguu ubadilike. Kosa linalojirudia ni kuchukua wagonjwa siku wanayopewa soli mpya au sindano. Wiki mbili baadaye wamebadilika kweli, ICC inaporomoka, na lawama inaangukia tafsiri. Waombe walio kwenye orodha ya kungojea, lista de espera, ambao hawajaanza tiba yoyote, na mara ya pili waulize swali moja la ziada: ikilinganishwa na siku ile, miguu yako iko vilevile, afadhali, au vibaya zaidi? Wanaojibu vilevile ndio wanaoingia kwenye hesabu ya ICC, kwa hiyo ukitaka 100, anza na watu zaidi ya hao. Ombi lako kwa kamati ya maadili litaje majazo yote mawili na jinsi utakavyounganisha karatasi za mtu mmoja kwa namba badala ya jina, la sivyo utalazimika kuliomba upya katikati ya kazi.